Bahasha ya Uvuvi ya Mwalimu Kasyoka

Ukifika Matinyani uulize nyumba ya Mwalimu Kasyoka, na wewe utaulizwa: yule wa hesabu ama yule wa samaki? Ni mtu mmoja. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, akafundisha watoto na baadaye watoto wa hao watoto, na siku aliyostaafu hakuna aliyemtarajia afanye zaidi ya kufuga kuku na kuimba na akina mama wa kanisa. Kuku alifuga. Kuimba anaimba mpaka leo, ingawa sauti yenyewe, tuseme ukweli, aligawiwa mwisho wa foleni. Lakini mwaka ule ule wa kustaafu alienda mazishi upande wa Kwa Vonza, akapita kando ya silanga, lile bwawa la udongo watu wananyweshea ng'ombe, akaona mtu ameketi juu ya jiwe na kijiti na uzi. Mtu huyo hakuwa anasumbuliwa na yeyote. Kasyoka alisimama pale nusu saa nzima na viatu vyake vya mazishi, na aliporudi nyumbani alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Nitakuwa navua samaki," alimwambia mumewe.

Mumewe ni Muli, dereva wa basi la shule aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake. Ni mtu mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Alimtazama, akatazama zizi, akamrudia.

"Kwani mbuzi wameisha?"

Mbuzi hawakuwa wameisha, na hilo halikuwa jibu. Kasyoka akikata shauri, amekata. Ila hakukimbilia dukani kama wale wanaopata kiinua mgongo Jumatatu na kufikia Ijumaa wanakopa sukari. Alichukua kalamu.

Katika nyumba ile, pesa zina mpango. Tarehe mosi wawili hao huketi mezani, wakaweka pensheni mbili na kodi ya vyumba viwili wanavyokodisha sokoni, wakazigawa kwa bahasha za kaki. Kuna ya chakula, ya maji, ya dawa za presha, na ya mazishi na harambee, ambayo Ukambani ni lazima kama chumvi. Mwisho kuna bahasha mbili zinazolingana, elfu moja na mia tano kila moja, za mtu binafsi kufurahisha roho yake. Ya Kasyoka aliiandika UVUVI, kwa herufi kubwa. Ya Muli haikuandikwa kitu, kwa sababu alipoulizwa anapenda nini alisema atafikiria. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Kila mwezi ukiisha huirudisha karibu ilivyokuwa, ametoa ya soda na betri za redio, na zilizobaki zinaingia kwa bahasha ya maji. Jambo hilo lilimkera Kasyoka kuliko alivyosema. Mtu gani hataki kitu?

Ndani ya mlango wa kabati kuna karatasi yenye kanuni mbili, kwa mwandiko wa ubaoni. Ya kwanza: bahasha haikopeshi bahasha. Ya pili: kilichonunuliwa na bahasha ya mtu ni cha mtu huyo, asiulizwe.

Ile elfu moja na mia tano aliipiga mahesabu mpaka ikalia. Mia moja na hamsini fungu la kumi, maana Mungu hadanganywi hata kwa pesa za starehe. Mia nane nauli, safari mbili za silanga kwa mwezi, Jumamosi moja aende, moja apumzike. Mia na hamsini ndoano, uzi na risasi za kuzamisha. Hamsini chai na mandazi. Mia tatu na hamsini akiba. Chambo hakununua. Alifuga minyoo kwenye beseni kuukuu lililojaa samadi, na kwa kuwa kiangazi kikikaza mtungi wa maji hufika shilingi thelathini, minyoo ilipewa maji yaliyoosha sukuma wiki, si tone zaidi. Watu walisema mwalimu ananywesha minyoo wakati wenzake wanabeba maji mgongoni. Wacha waseme. Maji yenyewe yalikuwa ya kumwagwa.

Mwanzoni alivua kwa kijiti cha mkonge, lile bua refu linalochipuka katikati ya mkonge ukizeeka. Ni jepesi na halina bei. Akaweka akiba miezi kumi na moja, mia tatu na hamsini juu ya mia tatu na hamsini, ndipo Kanyi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, akamletea kutoka Nairobi fimbo halisi ya kuvulia. Ilikuwa nyeusi, ina kigurudumu cha kukunjia uzi na mpini unaoshikika vizuri. Ilikuwa elfu tatu na mia nane. Hamsini iliyobaki akanunua ndoano. Siku hiyo Kasyoka alitembea kutoka sokoni na fimbo begani, na hakusalimia mtu mbiombio, alisalimia kila mmoja taratibu ili aulizwe.

Sasa njoo kwa mwaka huu. Mvua ya Novemba, ambayo ndiyo mvua yetu, ilinyesha siku tisa ikaingia mitini. Mahindi yakafika magotini yakakauka. Ikafika Jumapili ya mavuno na hakuna aliyevuna, na kanisa linachangia tangi la maji. Mchungaji akatangaza kwamba mwaka huu hatutaona aibu mbele za Bwana: kila nyumba ilete kitu kimoja kinachotumika nyumbani, si cha kwenda kununua, kipigwe mnada.

Kasyoka alitenga sufuria yake nzuri yenye kifuniko. Muli akasema atatangulia, asaidie kupanga meza.

Saa tatu na nusu Kasyoka aliingia uwanja wa kanisa na sufuria mkononi. Alikuta meza imejaa: viondo, kuku wawili waliofungwa miguu, taa ya sola, jembe, kiti cha mtoto. Na kando ya jembe, ikiegemea meza kama mgeni asiyejua aketi wapi, fimbo yake. Kwenye mpini kulikuwa na kikaratasi: NYUMBA YA MULI.

Damu ilimpanda. Alimtafuta Muli kwa macho, akamwona amesimama na wazee, anatazama viatu vyake. Pale kanisani hakuna mtu anayetoa kitu kwa Bwana kisha mkewe akakirudisha kiunoni kama mtoto aliyepotea. Kitu kikifika mezani kimefika. Kasyoka aliweka sufuria chini ya kiti, akaketi, akamwimbia Mungu nyimbo tatu akiwa na hasira, na Mungu alisikia vyote viwili, nyimbo na hasira.

"Mwalimu," akanong'ona Kavindu, rafiki yake wa tangu ualimu, aliyeketi ubavuni, "naona fimbo yako imeokoka."

"Nyamaza, Kavindu."

"Mimi nimenyamaza. Ni fimbo inatoa ushuhuda."

Ilibidi Kasyoka aume midomo asicheke, na kucheka ndicho kitu cha mwisho alichotaka. Akafungua mkoba. Ndani ya Biblia kulikuwa na bahasha ya UVUVI, maana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi na alikuja nayo kutoa fungu la kumi. Alikuwa amekwisha kutoa ile mia na hamsini. Zilibaki elfu moja mia tatu na hamsini. Mia nane ni nauli, haiguswi. Fimbo bila nauli ni kijiti cha kufukuzia kuku. Ndoano anazo, chai ataacha, akiba itangoja. Basi ana mia tano na hamsini za kupigania fimbo yake, na akizimaliza hachoti bahasha nyingine. Kanuni aliiandika mwenyewe.

Mnada wa kanisa lile si kama wa mbuzi sokoni. Ni wa kuongeza. Kila anayeongeza analipa papo hapo kile alichoongeza, kinaingia kwa beseni, na hakirudi. Wa mwisho kuongeza ndiye anayeondoka na kitu. Unaweza kutoa mia tano ukaenda mikono mitupu, na jirani akatoa hamsini akaenda na kuku. Kiwango cha chini ni hamsini. Watu wa pale wanaupenda kwa sababu ni mchezo na ni sadaka, na zaidi ya yote kwa sababu wakijua unakitaka kitu, watakuchezea mpaka ukome.

Kasyoka aligawa kimoyomoyo. Mia tano na hamsini kwa hamsini ni mara kumi na moja. Anayesimama mapema ndiye anayeliwa. Akafungua kitabu cha nyimbo, akaanza kusoma.

Mzee Mwau, ambaye ndiye mpiga mnada na ana mdomo wa kutosha watu watatu, aliinua fimbo juu.

"Hii mnaijua. Hii imefika Kwa Vonza kuliko gavana. Nani ananianzishia?"

Kanyi alianza na mia mbili, anacheka, shingo imemgeukia mwalimu. Kwaya wakaongeza hamsini. Akina mama wakachanga mia. Mchungaji akatia mia mbili. Kwaya tena hamsini. Kila aliyeongeza alimtazama Kasyoka, na Kasyoka alifungua ukurasa mwingine.

"Mwalimu," akasema Mzee Mwau, "ama umerudi kwa mbuzi?"

"Endelea, mzee. Kazi ya Bwana haiharakishwi."

Watu wakacheka, lakini wasiwasi ukaanza kuingia. Kanyi akaongeza mia nyingine, kisha akaangaza huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Beseni lina mia saba, fimbo iko kwake, na yeye anachojua kuhusu samaki ni kuwala. Mzee Mwau akaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

Kasyoka akainuka polepole, akaenda mbele, akatia hamsini kwa beseni, akarudi kuketi. Vigelegele vikapigwa. Kanyi akapata nafuu, na kwa kuwa binadamu hana shukrani, akaongeza mia kumchokoza. Mwalimu akangoja hadi mbili, akatia hamsini. Kanyi mia. Mwalimu hamsini. Alikuwa ametumia mia na hamsini na zimebaki mara nane, na mwenzake alikuwa anapapasa mfuko wa shati uliokwisha.

"Mimi nimebarikiwa vya kutosha," akasema Kanyi, akaketi.

Mzee Mwau akainua mkono. Moja, akasema. Kasyoka alikuwa tayari anaona Jumamosi yake, jiwe lake, maji yametulia. Mbili.

"Elfu moja."

Sauti ilitoka upande wa wazee. Muli alikuwa amesimama, na mkononi alikuwa na ile bahasha yake isiyoandikwa kitu. Alitembea hadi mbele, akaitoa noti moja, akaitia kwa beseni kwa uangalifu kama anayeweka yai.

Kanisa lililipuka. Ona mapenzi ya wazee, watu walisema. Amekosea, na sasa anamnunulia mke wake. Kavindu alimkumbatia Kasyoka shingoni. Lakini Kasyoka alikuwa bado anahesabu, maana hesabu haistaafu. Elfu moja ya Muli haikubadilisha kitu. Anahitaji hamsini tu. Akitia hamsini sasa, fimbo ni yake kwa kanuni ya mnada na kwa kanuni ya kabati, na mtu aliyemtolea mali yake bila kumuuliza atajifunza somo mbele ya watu. Noti ya hamsini ilikuwa tayari kati ya vidole.

"Moja," akasema Mzee Mwau.

Alimtazama Muli. Miaka sita bahasha ile imekuwa ikirudi mezani na mikunjo yake ya awali. Leo imefunguliwa, na aliyeifungua anatokwa na jasho, ameishika kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeomba kitu na hajui kama atapewa.

"Mbili."

Kasyoka alirudisha ile hamsini ndani ya Biblia. Ilimuuma, na asikwambie mtu kwamba kuacha kunapendeza.

"Tatu. Imeenda kwa Muli."

Hapo watu wote wakangoja sehemu tamu. Desturi ni kwamba mume akinunua hivyo, hugeuka akasema nampatia mama watoto, na akina mama wanapiga vigelegele hadi soko lisikie. Wengine walikwisha kuvianza. Muli alipokea fimbo. Aliishika katikati, kama mkuki. Akafungua mdomo, akatazama kile alichokishika, akaufunga, akaufungua tena.

"Ni yangu," akasema.

Walishika njia ya nyumbani, wakapita kisima. Muli alikuwa nyuma na fimbo, na ile sufuria ilikuwa kichwani mwa Kasyoka, haikuuzwa.

"Baba Mutanu," akasema bila kugeuka, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona ulichukua kitu changu?"

Muli aliihamisha fimbo bega la pili.

"Nilitaka ukae nyumbani Jumamosi moja," akasema. "Nilijua ni vibaya. Nilipoiweka mezani nilijua. Nikasema nitainunua, nikurudishie. Halafu nikaishika, Mama Mutanu, na miaka yote hii sijanunua kitu. Mdomo ukasema wenyewe."

Kasyoka alisimama. Hakuwahi kufikiria Jumamosi za mtu aliyebaki. Alikuwa amezipangia zake kila senti, na kumbe kuna mtu aliyekuwa akiketi na redio, anangoja mbwa abweke kwa ile namna anavyobweka mwenye nyumba akirudi. Alisikia huruma, na alisikia hasira pia, kwa sababu mtu ana mdomo wa kusema na hakusema miaka sita.

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza nataka kitu gani, na mimi niseme tena nitafikiria?" Muli akacheka kidogo, kwa aibu. "Chukua fimbo yako."

"Si yangu. Umenunua na bahasha yako." Akaanza kutembea tena. "Kanuni ni kanuni. Na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uwe umevaa viatu. Nauli ni mia nne, na mimi sikopeshi."

Jumamosi ilipofika, Kasyoka alitoa nyuma ya jiko kile kijiti chake cha mkonge, akakifunga uzi mpya, akajaza mkebe minyoo. Silanga lilikuwa limeshuka kwa kiangazi, tope limepasuka kandokando, ng'ombe wananywa upande ule. Alimwonyesha Muli namna ya kushika, namna ya kurusha. Muli alirusha ndoano ikashika shati lake mwenyewe. Alirusha mara ya pili ikashika mti. Kigurudumu kikakunja uzi ukawa kiota cha ndege, wakakaa nusu saa wakiufungua, vichwa vimekaribiana, na huo muda wote Kasyoka hakuwa anavua na wala hakukumbuka kwamba havui.

Kufikia saa sita kijiti cha mkonge kilikuwa na tilapia watatu na kambare mmoja mwenye ndevu. Fimbo ya elfu tatu na mia nane haikuwa na kitu.

"Mwalimu," akasema Muli, akifuta jasho, "hii shika wewe. Nipe hicho kijiti. Mimi nitakaa tu."

"Hiyo ni yako."

"Basi nakuazima."

Kasyoka alimtazama kwa jicho la darasani. "Tumeandika nini kabatini?"

"Tumeandika bahasha. Hatukuandika watu."

Kasyoka alipokea fimbo. Akairusha mbali, pale panapokuwa na kina, uzi ukaenda ukilia vizuri. Muli akaketi juu ya jiwe kando yake na mandazi mkononi, akimsimulia habari za basi la shule ambazo hakuwahi kumsimulia katika ndoa ya miaka thelathini na saba.

Tarehe mosi iliyofuata waliketi mezani kama kawaida. Bahasha zikajazwa moja moja, chakula, maji, dawa, mazishi. Kasyoka alitia zake elfu moja na mia tano kwenye UVUVI. Kisha akaisukuma ile isiyoandikwa kitu upande wa pili wa meza, na kalamu juu yake.

"Andika," akasema. "Uvuvi pia?"

"Hapana. Samaki bado ananinukia."

Muli alichukua kalamu. Aliandika polepole, kwa mkono uliozoea usukani, na herufi zikapanda mlima kidogo. Aliandika NAULI. Akatia humo mia nane kwanza, safari mbili kwenda na kurudi, na zilizobaki akauliza ziende wapi, na Kasyoka akasema hilo ni lake, asiulizwe.